Mtoto Mpweke na Wafu Wakarimu: Juu ya Hadithi Mbili za Uchaggani

Katika vitabu vingi vya watoto vitokavyo Uingereza na Marekani siku hizi mna maiti watembeao. Mtoto asiye na mwenzi, achekwaye shuleni na kusahauliwa nyumbani, hukutana makaburini na mfu aliyefufuka, ambaye mkono wake huanguka kila apigapo chafya. Mtoto hutetemeka kidogo, kisha huuokota mkono ule, humrudishia mwenyewe kwa adabu, na tangu saa hiyo wawili hao huwa marafiki. Watu wazima hucheka, wengine huchukizwa, na wengi hudhani kuwa jambo hili ni uzushi wa ugenini usio na mizizi katika Afrika Mashariki. Dhana hiyo si sahihi. Katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, hadithi za mtoto mpweke aliyekosa rafiki miongoni mwa walio hai, akampata miongoni mwa wasio hai, zilikuwa zikisimuliwa kwa Kichagga kabla ya zombi kupata jina lake katika sinema. Hadithi hizo zina kicheko chake na kilio chake, na fundisho lake ni zito kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza.

Hadithi mbili hasa zastahili kuchunguzwa: ile ya mvulana Murile na ile ya msichana Marwe. Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na baadhi ya watumishi wake walikuwa wasikivu kuliko wengine. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kukaa miaka mingi Old Moshi, alikusanya simulizi, desturi na sheria za Wachagga kwa bidii kubwa. Kitabu chake kikubwa cha simulizi hizo kilitolewa kwa Kijerumani mwaka 1914. Mwaka 1933 Alice Werner, aliyekuwa profesa wa Kiswahili mjini London, alizisimulia kwa Kiingereza hadithi za Murile na Marwe katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu. Hivyo hadithi zilizozaliwa kando ya meko ya Wachagga zilipanda meli, zikavaa lugha za mbali, zikawekwa katika maktaba ambazo wajukuu wa wasimulizi wake hawakuzifikia kwa urahisi. Ni haki zipate kuzungumzwa tena karibu na kwao.

Ili msomaji azielewe, hana budi kwanza kuyajua makao ya wafu wa Uchaggani. Mchagga wa zamani hakumpeleka mfu wake mbali. Kihamba, yaani shamba la migomba lizungukalo nyumba na kurithiwa kutoka kwa baba, kilikuwa makao ya walio hai na ya waliokufa pamoja. Mtu mzima aliyeacha watoto alizikwa nyumbani; baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa, na fuvu lake likawekwa migombani penye masale, mmea uleule ambao hata leo Mchagga huutoa aombapo msamaha. Waliokufa, yaani warumu, walisadikiwa kuwa na njaa, kiu na wivu kama majirani wengine. Walipewa pombe na nyama, na mkuu wa nyumba alisema nao kwa maneno ya wazi, kama asemavyo mtu na wazee wake. Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alipoandika kwa Kiswahili juu ya desturi za watu wake, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1947, alikiita Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Jina hilo latosha kuwa somo: maisha ni mamoja, makao ndiyo mawili.

Lakini heshima ya kaburi la nyumbani haikuwa ya kila mtu. Aliyekufa bila mtoto hakuzikwa kwa namna hiyo, kwa kuwa hakuacha mtu wa kumtaja wala wa kumlisha. Hapo ndipo inapoonekana hofu kubwa ya watu wa mlimani. Hawakuogopa kufa kama walivyoogopa kukosa mtu. Mfu aliyetajwa alikuwa bado mwenye nyumba. Asiyetajwa alikuwa amepotea kweli. Ikiwa hayo yalikuwa hivyo kwa mfu mzee, je, mtoto aliye hai asiye na mwenzi alihesabiwaje? Hadithi ya Murile ni jibu la swali hilo.

Murile alikuwa mkubwa wa ndugu watatu. Siku moja alikwenda na mama yake kuchimba magimbi, akaona gimbi moja la mbegu lililompendeza sana, akasema kuwa ni zuri kama mdogo wake. Mama akacheka, maana gimbi na mtoto wapi na wapi? Murile hakubishana. Alilificha lile gimbi katika uwazi wa shina la mti, akalinenea maneno ya siri, na aliporudi kesho yake akakuta limekuwa mtoto. Tangu hapo kila chakula alichopewa alikipeleka mtini. Hapana shaka wasikilizaji wadogo walicheka hapo, kwa sababu mvulana alikuwa akimlisha gimbi kinywani, na pengine chakula chenyewe kilikuwa gimbi. Lakini kicheko hakikudumu. Mtoto wa mtini alinenepa, Murile akakonda. Ndugu zake wakamvizia, wakaiona siri, wakaipeleka kwa mama. Mama akaenda mtini akamwua yule mtoto.

Si vigumu kuona kwa nini Murile ndiye aliyehitaji rafiki, wala si mmoja wa wadogo zake. Mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha shuka mgongoni mwa mama. Alikuwa mkubwa wa kutosha kufanya kazi, lakini si mkubwa wa kutosha kuketi na wanaume. Na nafasi yake ya kubebwa ilikuwa imechukuliwa na mwingine. Alipoliona gimbi zuri akalilinganisha na mdogo wake, hakuwa akisema upuuzi. Alikuwa akitafuta ndugu atakayekuwa wake peke yake, ambaye angemlisha na kumbeba kama yeye alivyolishwa na kubebwa zamani. Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kilimanjaro, aliyetoa mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Wachagga, aliona kuwa mambo ya watoto wa huko yastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule wanaopewa wakubwa. Msimulizi wa Murile alilijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Mama naye asihukumiwe haraka. Alimwona mwanawe akikonda siku baada ya siku, kisha akaambiwa kuwa chakula chake huliwa na kitu kisichojulikana kilichomo katika mti. Mzazi gani asingeshika silaha? Alilitazama gimbi akaona adui amnyonyaye mwanawe; Murile alilitazama gimbi lilelile akaona sababu ya kuamka asubuhi. Kosa la mama lilikuwa moja tu: hakuuliza. Murile alipomkuta rafiki yake amekufa alirudi nyumbani akaketi motoni akilia. Alipoulizwa alisingizia moshi. Akaambiwa ahamie upande wa pili wa moto, akahamia, na machozi yakaendelea. Jambo hili ni la kuchekesha, na kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye moto katikati alilifahamu; lakini ni la kuumiza pia, kwa sababu watu wote wa nyumba ile walishughulika na moshi, na hakuna aliyeshughulika na kilio.

Mwishowe aliambiwa achukue kigoda cha baba yake akaketi nje. Akakiamuru kigoda kipande juu, kama ipandavyo kamba ya baba yake anapotundika mzinga wa nyuki msituni, nacho kikapanda. Mama, baba na ndugu walimsihi arudi. Aliwajibu kuwa harudi tena. Huko juu alikutana na wakusanya kuni, wakata majani, wachungaji na wavunaji, na kwa kila kundi aliuliza njia ya kwenda kwa mfalme wa Mwezi, akawasaidia kazi, nao wakamwonyesha. Watu wa Mwezi walikuwa wakila vyakula vibichi. Murile akawafundisha moto, akalipwa ng'ombe wengi. Mtoto ambaye nyumbani hakuwa na mwenzi alipata marafiki mbinguni kwa njia iliyo ya kawaida kabisa: aliuliza kwa adabu, akashika jembe.

Hata hivyo alitamani kwao. Alirudi na ng'ombe wake, naye alipochoka njiani fahali mmoja alimbeba kwa sharti kwamba asile nyama yake kamwe. Murile aliwaeleza wazazi agano hilo. Siku zilipopita fahali akazeeka, akachinjwa, na mama, kwa kutaka mwanawe naye apate kilicho kizuri, akatia mafuta ya fahali katika chakula chake. Murile alipokionja alizama ardhini akatoweka. Mara mbili mama alitenda kwa mapenzi, na mara mbili alimpoteza mwanawe. Hadithi haisemi kuwa mama alikuwa mwovu. Yasema kuwa mapenzi yasiyosikiliza huweza kuua kama chuki, na kwamba rafiki wa mtoto, hata akiwa gimbi au fahali, ana haki yake katika nyumba.

Hadithi ya Marwe yaanzia shambani vilevile, na kwa kichekesho vilevile. Marwe na kaka yake walitumwa kulinda shamba la maharage lisiliwe na nyani. Walikaa mpaka wakachoka, wakawinda panya wa shamba, wakawachoma wakala. Kiu ikawashika, wakaenda kunywa katika ziwa dogo lililokuwa mbali. Waliporudi, nyani walikuwa wamekwisha kula na kwenda zao, na shamba halikuwa na kitu. Watoto wakanyemelea nyumbani kusikiliza wazazi watasema nini, wakawasikia wakitoa vitisho vya kutisha. Basi wakarudi ziwani. Marwe akajitupa majini. Kaka yake akaogopa, akakimbia kutoa habari. Baba na mama wakaja mbio, wakamwita wakisema kuwa maharage si kitu, yatapandwa tena. Ilikuwa kuchelewa. Siku baada ya siku baba alikwenda ukingoni akaita jina la binti yake, na maji hayakujibu.

Wahenga walisema kuwa hasira ni hasara, lakini wachache wameonyesha bei yake kwa mizani ilivyo sawa hapa: shamba moja la maharage kwa mtoto mmoja. Marwe hakuwa peke yake kwa hesabu, maana alikuwa na wazazi na kaka. Alikuwa mpweke kwa kuwa katika saa ile ya woga hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye angeweza kumkimbilia. Ndipo akawakimbilia wafu.

Chini ya maji Marwe alifika nyumbani kwa bibi kizee aliyekaa na watoto. Katika hadithi nyingi za mataifa, aendaye kuzimu hukutana na mateso au na mbwa mkali. Marwe alikutana na ukarimu. Bibi aliwatuma wenzake kazi, akamwambia Marwe acheze. Marwe, kwa malezi mema, alifanya kazi nao. Alipotamani kurudi kwao bibi hakumzuia, wala hakumdai kitu. Alimwuliza tu kama ataka apigwe kwa moto au kwa baridi. Mtoto wa mlimani, ambako usiku ni wa baridi na moto ni neema, angetarajiwa kuchagua moto. Marwe akachagua baridi. Akaambiwa atie mikono katika chungu, akaitoa imejaa bangili; akatia miguu, ikatoka na mapambo. Mwisho bibi akamtajia mume atakayempata: Sawoye. Marwe akaonekana tena ukingoni mwa ziwa amemetameta, na wakuu kwa wadogo wakataka kumbeba kumpeleka nyumbani. Akawakataa wote isipokuwa Sawoye, kijana aliyeharibika ngozi kwa ugonjwa, ambaye hakuna aliyemtazamia. Baada ya ndoa ugonjwa ule ulimtoka akawa mzuri. Majirani wenye wivu walipomwua, Marwe alimrudishia uhai akamficha ndani. Nao walipokuja kugawana mali ya marehemu, marehemu akawatokea mwenyewe, akawaua wote. Hapo bila shaka nyumba nzima ilicheka.

Yafaa kuona jinsi Marwe alivyojifunza. Alipokuwa mpweke, wafu walimpokea bila kumwuliza habari za maharage. Aliporudi kwa walio hai naye alimchagua mpweke mwingine, aliyesukumwa kando kwa sababu ya ngozi yake. Alichopewa ahera alikuja kukitoa duniani. Bangili zilikuwa sehemu ndogo tu ya zawadi ile.

Sasa maiti hawa wakarimu walinganishwe na zombi. Neno zombi lilikulia Haiti, na wataalamu wengi hulihusisha na lugha za pande za Kongo, walikotoka wengi wa watumwa wa nchi hiyo. Mtumwa wa mashamba ya miwa alitumaini kuwa kifo kingempumzisha. Zombi ni hofu kwamba hata kifo hakitampumzisha, bali bwana wake atamwinua afanye kazi bila ujira wala sauti. Watu wa Haiti walijikomboa, wakatangaza uhuru mwaka 1804, lakini hofu ile ilibaki katika masimulizi. William Seabrook, Mmarekani, aliieneza kwa kitabu mwaka 1929, na mwaka 1932 ikaingia katika sinema. Tanzania nayo ina msukule, mtu adhaniwaye kuwa amekufa akazikwa, kumbe, kwa imani ya watu, amechukuliwa na mchawi amtumikie usiku, ulimi wake umekatwa asipate kutaja jina lake. Imani hiyo imeleta madhara ya kweli: huwanyima wafiwa utulivu, na humfanya jirani asiye na kosa kushukiwa. Lakini maana yake ni wazi. Kinachotisha katika msukule si kifo chake. Ni kwamba hana ndugu, hana jina, na hana wa kusema naye.

Miaka miwili iliyofuatana yafaa kuwekwa pamoja. Mwaka 1968 George Romero alionyesha Marekani filamu yake juu ya usiku wa wafu walio hai, kundi lisilo na majina wala kumbukumbu, lenye njaa tu. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanachuoni wa Kenya, alitoa kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, naye akatumia karibu maneno yaleyale, wafu walio hai, kwa maana iliyo kinyume kabisa: hao ni waliokufa ambao bado wapo watu wanaowakumbuka kwa majina. Alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akasema kuwa mfu hubaki katika sasa maadamu anatajwa, kisha huzama polepole katika zamani. Kwa Romero wafu walio hai ni watu waliopoteza undugu. Kwa Mbiti ni watu ambao undugu umewashika wasianguke. Murile na Marwe wako upande wa Mbiti.

Kwamba jambo hili si la hadithi tu, historia ya Old Moshi yenyewe yathibitisha. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine. Watu wake wamesimulia tangu siku hiyo kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Kwa watu ambao fuvu la mzazi lilikuwa na mahali pake migombani, hasara hiyo ilikuwa zaidi ya kifo. Ilikuwa kumfanya mfu kuwa mkiwa. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alidai kwa miongo mingi fuvu la babu yake litafutwe. Wachunguzi wa Berlin walipopima mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, walitangaza mwaka 2023 kuwa wamepata jamaa walio hai wa watu wachache kati ya hao, na mmoja wao alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Meli mwenyewe hakuwamo katika waliotambuliwa wakati huo. Akisoma habari hiyo, mtu akumbukaye hadithi ya Marwe atamwona baba yule akisimama ukingoni kila siku, akiita.

Yaweza kusemwa kuwa mambo haya yamepita. Mafuvu hayawekwi tena migombani. Makaburi ya Uchaggani leo huwa na misalaba na saruji, ingawa mengi bado yamo ndani ya kihamba. Vihamba vimegawanywa vikawa vidogo, vijana wametawanyika mijini, na moto wa katikati ya nyumba, ambao moshi wake ulimpa Murile kisingizio, haumo tena katika nyumba nyingi. Lakini mtoto wa kwanza aliyeshuka mgongoni mwa mama yuko bado. Mtoto aliyepoteza fedha aliyotumwa nayo dukani, anayesikiliza mlangoni kabla ya kuingia, yuko bado. Naye akitafuta rafiki katika kitabu cha mfu anayedondoka mkono, mzazi asikimbilie kumnyang'anya kwa kudhani kuwa kitu hicho kinamla mwanawe. Kwanza na aulize. Mama wa Murile alikuwa na nafasi hiyo mara mbili, na wazazi wa Marwe walipofika ziwani kusema kuwa maharage yatapandwa tena, walikuwa wakisema neno ambalo lingetosha kabisa kama lingesikika saa moja kabla.